Mdomo Wazi Usingizini: Kijitabu cha Familia za Kisangani juu ya Pumzi na Meno ya Mtoto

1. Kijitabu hiki ni cha nani

Kijitabu hiki ni cha kila nyumba yenye mtoto: Makiso, Kabondo, Mangobo, Tshopo, Kisangani, na ng'ambo ya mto, Lubunga. Ni cha mama na baba, cha koko anayelala chumba kimoja na wajukuu, na cha dada mkubwa anayebaki na wadogo zake mama akienda sokoni. Kisomwe kwa sauti, maana si kila mtu nyumbani anasoma, lakini yeyote aliyeko nyumbani anaweza kumtazama mtoto akilala.

Tunalotaka kusema ni jambo moja. Mtoto anayelala mdomo wazi usiku baada ya usiku, hata siku ambazo hana mafua, hana tabia mbaya. Mara nyingi pua yake haipitishi hewa ya kutosha. Pua hiyo ikiachwa miaka, wanaoumia ni meno, ufizi na taya. Kwa hiyo kabla ya kumgombeza, tuitazame pua. Anayemwambia mtoto "funga mdomo" wakati pua imeziba anamtaka afanye jambo ambalo mwili wake hauwezi.

Meno mabovu ya watoto ni tatizo la dunia nzima. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watoto wapatao milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyotoboka. Sukari ndiyo tunayoisikia zaidi, na ni kweli ina lawama kubwa. Lakini sukari hufanya kazi yake haraka zaidi ndani ya mdomo uliokauka, na pumzi ya mdomoni ndiyo huukausha.

2. Kazi ya pua

Hewa ikipita puani husafishwa, hupashwa joto na kutiwa unyevu. Vinyweleo na ute hukamata vumbi, masizi na vijidudu kabla havijafika kifuani. Mdomo hauna kazi hiyo. Hewa inayoingilia mdomoni hufika kooni na vumbi lake, na huondoka na unyevu wa mdomo.

Mtoto mchanga, miezi yake ya kwanza, hupumua karibu wakati wote kwa pua. Ndiyo maana anaweza kunyonya na kupumua bila kuachia titi. Mafua madogo tu yakimziba pua, hunyonya kidogo, huachia, hulia, hurudi tena. Mama akiona hivyo asidhani kwamba maziwa yake yamekuwa mabaya. Aisafishe pua kwanza, kama tunavyoeleza katika sehemu ya 7.

3. Kwa nini mtoto hupumua kwa mdomo

Sababu ni nyingi, na mara nyingine mtoto mmoja ana mbili au tatu kwa pamoja.

*Mafua ya kawaida.* Haya hupita ndani ya siku saba hadi kumi hivi. Mtoto akirudia kulala mdomo umefungwa, hakuna la kuogopa.

*Adenoidi na mafindofindo.* Nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, mahali ambapo hatuwezi kuona kwa kumfungua mtoto mdomo, kuna nyama ndogo iitwayo adenoidi. Kazi yake ni kupigana na vijidudu. Huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7, kisha hupungua mtoto anapokaribia ujana. Kwa watoto wengine hukua kupita kiasi na kuziba njia ya hewa. Daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen, nchini Denmark, aliieleza hali hiyo mwaka 1868: pua imeziba, sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua, na masikio hayasikii vizuri. Hadi leo dalili ni hizo hizo. Mafindofindo, yaani tonsili, huonekana pande mbili za koo, nayo yakivimba huibana njia ya hewa, hasa mtoto akilala chali.

*Aleji ya pua.* Mtoto hupiga chafya asubuhi, pua humwasha, maji mepesi hutiririka, macho huwa mekundu. Jiji letu liko karibu kabisa na ikweta, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Unyevu huo hulisha ukungu kwenye kuta na vijidudu vya vumbi, visivyoonekana kwa macho, ndani ya magodoro na mito. Mende nao huchochea aleji.

*Moshi.* Makala ya mbabula, yaani jiko la makaa, inayowashwa ndani ya nyumba siku za mvua, kuni mbichi, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma usiku kucha, na taka zinazochomwa uani: vyote huivimbisha ngozi laini ya ndani ya pua.

*Kitu kilichoingizwa puani.* Watoto wadogo hujitia mharage, punje ya mahindi, ushanga au kipande cha sponji cha godoro. Alama yake ni hii: tundu moja tu la pua linatoa usaha wenye harufu mbaya.

*Mazoea.* Mtoto aliyeziba pua muda mrefu anaweza kuendelea kupumua kwa mdomo hata baada ya pua kufunguka. Huyu anahitaji kufundishwa upya, kwa upole.

4. Yanayotokea mdomoni

*Mate hupungua nguvu.* Mate huosha mabaki ya chakula, hupunguza asidi, na huyarudishia meno madini ya kalisi na fosfati. Kila mtoto anapokula sukari, bakteria wa mdomoni huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo hulilainisha jino. Mate yakiwapo ya kutosha, hali hutulia baada ya nusu saa au saa moja. Mdomo ukiwa mkavu, asidi hukaa muda mrefu zaidi. Usiku mate hupungua kwa kila mtu, kwa hiyo mtoto aliyekunywa chai ya sukari kisha akalala mdomo wazi ana hatari mbili kwa wakati mmoja.

Tuseme wazi: pumzi ya mdomoni peke yake haitoboi jino. Kinachotoboa ni bakteria pamoja na sukari. Ukavu ndio unaowafungulia njia. Kwa sababu hiyo, kuacha sukari ya usiku na kupiga mswaki humlinda mtoto huyu hata kabla pua haijapona.

*Ufizi huvimba.* Tazama ufizi wa meno ya mbele ya juu. Kwa mtoto anayepumua kwa mdomo, sehemu hiyo hupigwa na hewa usiku kucha. Huwa nyekundu, hung'aa, na hutoa damu akipigwa mswaki. Ufizi mwingine unaweza kuwa salama. Midomo hupasuka, na pumzi ya asubuhi hunuka.

*Kaakaa hubaki jembamba.* Mtoto akipumua kwa pua, mdomo hufungwa na ulimi hupumzika juu, ukigusa kaakaa. Kwa taya la juu linalokua, ulimi huo ni kama kalibu kwa tofali bichi: ndio unaolipa upana wake. Mdomo ukibaki wazi, ulimi hushuka chini, mashavu hubana kutoka pembeni, na kaakaa hukua likiwa jembamba lenye dari ndefu. Meno ya kudumu yanapokuja hukosa nafasi. Hupandana, au ya juu huuma ndani ya yale ya chini, au ya mbele hayakutani kabisa, na mtoto hashiki vizuri kipande cha muwa au cha nyama. Uso wenyewe unaweza kurefuka.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 1981, Egil Harvold na wenzake huko California walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya nyani wadogo wa aina ya rhesus waliozibwa pua. Nyani hao walijifunza kupumua kwa mdomo, na meno na taya zao zikakua bila mpangilio. Kwa binadamu, urithi wa familia nao una sehemu yake, kwa hiyo si kila jino lililopinda linatokana na pumzi. Lakini pua iliyoziba ni sababu ambayo tunaweza kuitibu.

*Usingizi huharibika.* Mtoto hukoroma, hugeuka-geuka, hutoka jasho, na mwingine hukojoa kitandani wakati alikwisha kuacha. Asubuhi huamka mchovu. Shuleni anasinzia, au kinyume chake hatulii hata kidogo, na mwalimu humwita mtundu. Tukimchapa mtoto kwa uchovu ambao hakuutaka, tunamwonea.

5. Mtoto mwenye SS aangaliwe zaidi

Kisangani tunaujua ugonjwa wa selimundu, ule tunaouita SS. Utafiti uliofanywa kwa watoto wachanga wa jiji letu na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa nao. Watoto hawa mara nyingi huwa na tonsili na adenoidi kubwa. Wakikosa hewa usingizini, oksijeni ya damu hushuka, na oksijeni ikishuka chembe za damu hujikunja zaidi na maumivu yanaweza kuanza. Kwa hiyo mtoto wa SS anayekoroma kila usiku apelekwe kwa daktari mapema. Mkumbushe daktari kwamba ana SS, hata kama umemwendea kwa ajili ya jino tu, kwa sababu hata jipu la jino ni hatari kubwa zaidi kwake.

6. Mwangalie mtoto wako kwa usiku tatu

Chagua wakati ambapo hana mafua. Baada ya saa moja ya usingizi, ingia na taa, usimwamshe. Tazama na sikiliza:

- Je, mdomo uko wazi?
- Je, anakoroma, au anapumua kwa kelele?
- Je, pumzi inasimama kidogo kisha inarudi kwa kushtuka?
- Je, kichwa amekitupa nyuma kana kwamba anatafuta hewa?
- Je, mto una mate mengi asubuhi, na midomo imekauka?

Mchana, kwa mtoto wa miaka mitano na zaidi, fanya jaribio dogo. Weka kioo kidogo chini ya pua yake akiwa amefunga mdomo. Kila tundu likipitisha hewa, utaona mvuke pande mbili. Kisha mpe maji kidogo ayashike mdomoni bila kumeza huku akichora au akitazama kitu kwa utulivu. Akiweza dakika mbili au tatu bila shida, pua yake ina nafasi. Akitema haraka kwa kukosa hewa, andika hivyo. Usimzibe mdomo kwa mkono, hata kwa mchezo.

Mwisho, mnyanyue mdomo wa juu mbele ya dirisha lenye mwanga. Tafuta mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi: hiyo ndiyo alama ya kwanza ya jino linaloanza kuharibika, na katika hatua hiyo bado linaweza kuokolewa. Rangi ya kahawia au tundu maana yake ni kwamba daktari wa meno anahitajika.

*Mfano wa mazungumzo kituoni*

Mama: Munganga, mtoto huyu meno ya mbele yanaisha. Ni bombo tu, kila siku bombo.

Nesi: Bombo, hizo pipi, tutaziongelea, mama. Kwanza niambie, usiku analala namna gani?

Mama: Analala vizuri. Anakoroma tu kama baba yake.

Nesi: Mdomo?

Mama: Wazi. Tangu zamani.

Nesi: Na darasani?

Mama: Mwalimu anasema hasikii akiitwa.

Nesi: Basi mama, tusitazame jino peke yake. Nitamtazama koo, pua na masikio, halafu nitakuandikia karatasi ya kwenda hospitali kuu.

Mama huyu alikuja na jino, akaondoka na habari ya pua na masikio. Nesi asipouliza, wewe mwenyewe sema: "Analala mdomo wazi na anakoroma."

7. Ya kufanya nyumbani

*Safisha pua kwa maji ya chumvi.* Chemsha nusu lita ya maji hadi yatokote, yafunike yapoe hadi yawe vuguvugu. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichojaa kupita ukingo, koroga. Mtoto mchanga: tone moja au mawili kila tundu, kisha futa kwa kitambaa safi, kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Mtoto mkubwa: mtie kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kichwa kimeinama mbele, kisha apenge tundu moja moja. Tengeneza mapya kila siku. Usitumie maji ya mto, ya kisima wala ya bomba yasiyochemshwa. Vijidudu vinavyoingia kwa njia ya pua vinaweza kuwa vya hatari.

*Ondoa moshi chumbani.* Mbabula ikae nje, chini ya paa la uani. Mvua ikilazimisha kupika ndani, fungua mlango na dirisha, na watoto wakae chumba kingine. Mbabula yenye makala ya moto isilale ndani kamwe. Hewa yake huua watu usingizini bila harufu. Badala ya dawa ya mbu ya kuchoma, tandika chandarua chenye dawa kila usiku: kinazuia malaria na hakitoi moshi. Anayevuta sigara avutie nje, mbali na mtoto.

*Pumzisha chumba.* Siku ya jua, toa godoro, mito na mashuka nje. Fua mashuka na chandarua kwa wakati wake. Futa ukungu ukutani kwa maji na sabuni. Fagia kwa kunyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiruke.

*Piga mswaki mara mbili kwa siku, ya usiku isikose.* Nunua dawa ya meno iliyoandikwa floridi, yenye kiasi cha 1000 ppm au zaidi. Chini ya miaka 3, weka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Mtoto ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno. Baada ya hapo ni maji matupu tu hadi asubuhi. Mzazi ashike mswaki mwenyewe mpaka mtoto afike miaka 7 au 8, maana mkono wa mtoto mdogo haufiki nyuma. Akilia, endelea kwa upole: mchelea mwana kulia hulia yeye. Kila mtoto awe na mswaki wake. Makala yaliyosagwa, majivu na mchanga hukwangua jino, tuviache. Kijiti cha mti hakina ubaya kikitafunwa laini, lakini hakina floridi.

*Chakula.* Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha uendelee hadi miaka 2 au zaidi pamoja na vyakula vingine. Kunyonya titi hufanyisha kazi misuli ya midomo, ulimi na taya. Chupa yenye chai ya sukari, maziwa matamu au sukre isilale mdomoni mwa mtoto. Sukari ikae pamoja na mlo, si kidogo kidogo mchana kutwa, kwa sababu kila ulaji mpya huanzisha asidi upya. Samaki, sombe, mayai, mbika, maharage, lituma, papai na pera humjenga. Akiwa na meno ya kutosha, apewe pia vya kutafuna: taya hukua kwa kazi. Muwa una sukari. Aule mchana, kisha anywe maji.

*Fundisha pumzi ya pua.* Pua ikishafunguka, cheza na mtoto mchana: midomo imefungwa, ulimi umegusa nyuma ya meno ya juu bila kuyasukuma, anapumua polepole mara kumi. Fanya asubuhi na jioni. Mtoto anayenyonya kidole asiaibishwe; msifu siku anayoacha, na umpe kitu kingine cha kushika.

8. Tusiyafanye

- *Kumbandika mtoto plasta mdomoni usiku.* Wako watu wanaolisambaza jambo hili kwenye simu. Mtoto mwenye pua iliyoziba, au anayetapika, anaweza kufa.
- *Kumtia mafuta puani*, yawe ya mawese au mengine. Yakishuka kwenye mapafu huleta nimonia. Marhamu kali za menthol na kafuri hazimfai mtoto wa chini ya miaka 2.
- *Pilipili, tumbaku au maji ya majani puani.* Huunguza na kuvimbisha zaidi.
- *Matone ya dukani ya kufungua pua bila kuandikiwa.* Yakitumika zaidi ya siku chache, pua huziba upya na vibaya zaidi.
- *Antibiotiki za kununua moja moja.* Mafua mengi huletwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviui.
- *Kukata kilimi.* Katika nchi nyingi za Afrika wako wanaokata kilimi cha mtoto ili kutibu kikohozi. Kilimi si adenoidi wala tonsili. Kukikata hakufungui pua. Huleta damu nyingi, maambukizi na pepopunda.
- *Kung'oa "meno ya plastiki".* Tanzania na Uganda desturi hii imewaumiza watoto wachanga wengi: uvimbe mweupe wa ufizi, ambao ni jino la kawaida linalokuja, huchokonolewa kwa madai kwamba ndio unaoleta homa na kuhara. Homa itibiwe kituoni, jino liachwe.

9. Wakati wa kwenda kituoni

*Nenda sasa hivi, mchana au usiku:*

- Mtoto anapumua kwa kasi: mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5.
- Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au midomo na ulimi vina rangi ya bluu.
- Hawezi kunywa wala kunyonya, amepata degedege, au haamki vizuri.
- Ana homa, anatokwa na mate kwa kushindwa kumeza.
- Shavu au taya limevimba kwa jino, pamoja na homa, au uvimbe unaelekea jichoni au shingoni.
- Ana kidonda cha ufizi chenye harufu kali, hasa mtoto aliyekonda au aliyetoka kuugua surua. Inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso ndani ya siku chache. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuweka kati ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ukitibiwa mapema, unapona.

*Nenda ndani ya siku mbili:*

- Tundu moja la pua linatoa usaha unaonuka. Usichokonoe, utakisukuma kitu ndani zaidi.
- Taya linavimba bila maumivu makubwa na meno yanalegea. Katika nchi zetu zenye malaria nyingi kuna saratani ya watoto inayoanza hivyo. Daktari Denis Burkitt aliieleza nchini Uganda mwaka 1958, na jina lake ndilo lililobaki. Hukua haraka sana, lakini dawa zikianza mapema watoto wengi hupona.

*Nenda ndani ya mwezi huu:*

- Analala mdomo wazi na kukoroma usiku mwingi bila mafua.
- Pumzi inasimama-simama usingizini. Kwa mtoto wa SS, usingoje mwezi: nenda wiki hii.
- Hasikii vizuri, au masikio yanauma mara kwa mara.
- Meno ya mbele hayakutani, au ya juu yanauma ndani ya ya chini.
- Kuna mistari myeupe, madoa ya kahawia, au ufizi unaotoa damu.

Anza na kituo cha afya cha mtaa wako. Muulize reko, yaani mhudumu wa afya wa jamii, wa eneo lako kama huna uhakika ni kipi. Nesi akiona inafaa, atakuandikia karatasi ya kukutuma hospitali kuu ya rufaa ya zoni yako, au Kliniki za Chuo Kikuu cha Kisangani. Uliza mapema siku za daktari wa meno na za daktari wa masikio, pua na koo, tunayemwita wa ORL, na bei ya kumwona. Familia za Lubunga, ambako mto huvukwa kwa chombo, zipange safari asubuhi. Na kwa dalili za hatari, zianzie kituo kilicho ng'ambo hiyo hiyo bila kungoja kivuko.

10. Daktari atafanya nini

Atatazama koo, pua na masikio. Kwa aleji anaweza kuandika dawa ya kupuliza puani, ambayo hutumika kila siku kwa wiki kadhaa. Ukiiacha baada ya siku mbili kwa sababu hujaona mabadiliko, umeipoteza. Adenoidi ikiziba kabisa, au usingizi na masikio yakiharibika, anaweza kushauri operesheni ya kuiondoa, pamoja na tonsili au bila. Watoto wengi hupata nafuu ya usingizi baada yake, ingawa si wote. Kabla ya operesheni, mwambie daktari kama mtoto ana SS, na kama katika ukoo kuna watu ambao damu yao haigandi upesi.

Daktari wa meno atasafisha, atapaka floridi na kuziba matundu madogo. Jino la utotoni lisidharauliwe kwa kusemwa "litang'oka tu". Meno hayo ni 20, huanza kutoka karibu na mwezi wa 6, na humsaidia mtoto kula na kusema. Pia humtunzia nafasi jino la kudumu. Likitolewa mapema, majirani yake huegemea, na la kudumu hukosa pa kutokea. Karibu na miaka 6, gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno yote bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulidhania la utotoni. Lipigwe mswaki tangu siku linapotokeza.

11. Mpango wa mwezi mmoja

*Wiki ya kwanza.* Fanya uangalizi wa usiku tatu. Mnyanyue mdomo mtoto, tazama meno. Andika unachoona kwenye kadi yake ya kliniki au kwenye daftari.

*Wiki ya pili.* Hamishia mbabula nje. Anika godoro. Anza maji ya chumvi na mswaki wa usiku. Chai ya sukari ya kulalia iishe.

*Wiki ya tatu.* Rudia uangalizi. Mdomo umefungwa? Endelea, na uanze mchezo wa pumzi ya pua. Bado uko wazi? Nenda kituoni na maandishi yako.

*Wiki ya nne.* Waambie na wengine: mwalimu wa darasa lake, akina mama wa mtaa, jumuiya ya kanisa au msikiti. Mwalimu anayejua kwamba mtoto halali vizuri wala hasikii vizuri atamketisha mbele badala ya kumwadhibu.

Mifupa ya uso wa mtoto bado inakua. Aliye na miaka minne ana muda mwingi mbele yake. Aliye na miaka kumi ana muda mchache zaidi, lakini meno na usingizi wake bado vinafaidika na pua iliyofunguka. Usihesabu miaka iliyopita bila wewe kujua. Anza na umri alio nao leo.